Mikono Mipana ya Maaskofu: Maswali ya Wasomaji

Toleo lililopita tulichapisha picha ya Askofu Mkuu Thomas Herring, iliyochorwa na William Hogarth kati ya 1744 na 1747, ambayo leo inatunzwa katika jumba la sanaa la Tate, London. Barua zilizofuata karibu zote zimeuliza juu ya nguo kabla ya kuuliza juu ya mtu. Wasomaji wameona sawasawa. Katika picha za maaskofu wa Kianglikana wa karne ya 18 kitambaa ndicho kinachotangulia kusema, na mchoraji alipimwa kwenye ile mikono myeupe kabla hajapimwa usoni.

Askofu wetu huvaa vazi jeupe na juu yake joho jekundu. Kwenye picha ile mavazi ni kama hayo, ila mikono imefura kupita kiasi na joho ni jeusi. Mavazi haya ni yale yale? Na mbona Herring hana kofia ya kiaskofu? (Msomaji, Mombasa)

Ni yale yale. Ndani kabisa kuna kanzu. Juu yake huvaliwa rocheti, vazi la kitani cheupe chembamba, jepesi mithili ya melimeli. Juu ya rocheti linakuja joho la atlasi, lililo wazi mbele na lisilo na mikono yake lenyewe. Begani hupita skafu nyeusi, na chini ya kidevu huning'inia vipande viwili vya kitambaa cheupe.

Mikono hiyo asili yake ni ya rocheti. Kadiri miaka ilivyokwenda washonaji waliipanua, mpaka katika karne ya 18 mara nyingi ilitolewa kwenye rocheti na kushonwa kwenye matundu ya joho. Ndiyo maana katika picha za wakati ule mkono mweupe huanzia pale pale ukingo mweusi unapoishia, ukiwa umekunjwa marinda mengi begani, kisha unakazwa kwenye kifundo kwa utepe mweusi na kumalizikia kwa ukingo wa marinda madogo juu ya kiganja.

Joho jeusi lilikuwa la kawaida, hata katika Baraza la Malodi. Jekundu lilivaliwa kwenye Konvokesheni, yaani mkutano rasmi wa makasisi wa jimbo. Lakini ukiona nguo nyekundu usikimbilie kusema ni hiyo: wengi wao walikuwa madaktari wa theolojia, na vazi la udaktari la chuo kikuu nalo lilikuwa jekundu.

Kofia ya kiaskofu haikuvaliwa Uingereza tangu Matengenezo ya Kanisa hadi mwisho wa karne ya 19. Katika picha za karne ya 18 itafute mahali pengine: imechongwa juu ya mgongo wa kiti, au imechorwa juu ya ngao pembeni. Hapa kwetu tofauti hiyo bado inaonekana. Sehemu zilizopata Uanglikana kupitia misheni ya UMCA, kama Zanzibar na upande wa Tanga, zilipokea mapema kofia na joho la ibada la Kanisa la Juu, yaani Waanglikana wanaopenda ibada zinazokaribia za Kikatoliki. Zile zilizoanzishwa na misheni ya CMS, kama Mombasa yenu, zilishika zaidi rocheti na joho.

Zile ni nywele zake? (Msomaji huyo huyo)

Hapana, ni wigi. John Tillotson, aliyekuwa Askofu Mkuu wa Canterbury 1691 hadi 1694, ndiye hutajwa kuwa wa kwanza katika kiti hicho kuonekana na wigi. Mwanzoni mwa karne ya 18 wigi lilikuwa refu la kushuka mabegani. Kufikia katikati ya karne la maaskofu lilikuwa limefupishwa, likawa la mviringo, limesokotwa vipilipili na kupakwa poda. Mwaka 1795 poda ya nywele ilitozwa kodi ya gini 1 kwa mwaka, na watu wa kawaida wakaendelea kuacha mawigi. Maaskofu waliyashikilia hadi ndani ya karne ya 19. Kwa hiyo wigi peke yake ni kipimo kibaya cha kukisia mwaka wa picha ya askofu.

Mteja ameniletea picha ya askofu wa zamani aliyoichapisha kwenye karatasi ya A3, anataka fremu "ya kipimo cha kiaskofu". Kuna kipimo kama hicho, au ananitania? (Fundi wa fremu, Kariakoo)

Kipo, Bwana fundi, na mteja wako anajua anachokisema. Wauza turubai wa London walikuwa na vipimo vyenye majina. Cha kichwa na mabega kilikuwa inchi 30 kwa 25, sawa na sentimita 76 kwa 63.5. Kilichoitwa "kit-cat", kinachoongeza mkono mmoja, inchi 36 kwa 28. Nusu-mwili inchi 50 kwa 40, yaani sentimita 127 kwa 101.5. Mwili mzima inchi 94 kwa 58. Na katikati kulikuwa na nusu-mwili ya kiaskofu: inchi 56 kwa 44, sentimita 142 kwa 112. Sababu yake ni ile mikono. Ukimkalisha askofu kitini akiwa amevaa kamili kwenye turubai la inchi 40, ama unaikata mikono pembeni, ama unapunguza kichwa ili kila kitu kienee, na hapo uso unakuwa mdogo kuliko uso wa picha ya jirani yake ukutani.

Shida yako itakuwa kwenye karatasi. A3 ni sentimita 29.7 kwa 42. Kwa uwiano wa 56 kwa 44, upana wa 29.7 unadai urefu wa 37.8 tu, kwa hiyo sentimita 4.2 zinabaki tupu, au mchapishaji amekwisha kuivuta picha ili ijaze karatasi. Pima kabla ya kukata mbao: gawanya urefu wa picha yenyewe kwa upana wake. Ukipata karibu 1.27, picha ni nzima. Ukipata 1.41 imevutwa au imekatwa ubavuni, na kilichokatwa bila shaka ni mkono. Mwambie aichapishe upya. Ndani ya fremu acha nafasi ya milimita 2 au 3 kila upande, kwa sababu mbao za pwani huvimba masika.

Askofu alikuwa na nafasi ya kukaa siku nzima mbele ya mchoraji? Na alilipa kiasi gani? (Msomaji, Dodoma)

Hakukaa siku nzima. Mwaka 1777 mchoraji Joshua Reynolds alimweleza mteja kwa barua kwamba picha kwa kawaida huhitaji vikao vitatu, kila kimoja cha saa moja na nusu hivi, na uso ukishamalizika kazi iliyobaki hufanyika bila kumsumbua mwenyewe. Bei zake wakati huo zilikuwa gini 35 kwa kichwa, 70 hadi magotini na 150 kwa mwili mzima. Gini 1 ni shilingi 21 za Uingereza. Yeye alidai nusu ya malipo mwanzoni, desturi ambayo mafundi wengi watatamani wateja wao waijue.

Nguo zilipelekwa kwenye karakana na kuvishwa sanamu ya mbao yenye viungo vinavyokunjika. Hapo aliingia mtu mwingine, mchoraji wa mavazi. Joseph van Aken, aliyefariki 1749, aliwachorea nguo wachoraji Thomas Hudson na Allan Ramsay. Peter Toms alimfanyia Reynolds kazi hiyo. Ndiyo sababu picha za wachoraji wawili tofauti zinaweza kuwa na atlasi inayofanana kama imetoka kwenye robota moja.

Nakala pia zilikuwa nyingi. Askofu alihama: Herring alianzia Bangor 1738, akaenda York 1743, kisha Canterbury 1747. Kasri ni la cheo, si la mtu, hivyo palihitajika picha ya kubaki kasrini, nyingine ya chuo alichosoma, nyingine ya ndugu zake. Nakala iliyotoka kwa wasaidizi hutambulika mikononi: marinda yamehesabiwa, hayakutazamwa.

Nimepewa kazi ya kumchora askofu mstaafu kwa rangi ya mafuta, kwa mtindo wa wazee wa karne ya 18. Uso umekubali. Mikono imekataa: inaonekana kama mito iliyojazwa pamba. Nakosea wapi? (Mwanafunzi wa sanaa, Nairobi)

Unakosea mahali pamoja, na kosa hilo limezaa mengine: umeanza na nyeupe. Mkono wa rocheti ni kitambaa kinachopitisha mwanga. Chini yake kuna giza la kanzu, kuna mkono wa mtu, kuna hewa. Ukipaka nyeupe nzito toka mwanzo umeyafunika yote hayo, na kilichobaki ni mto.

Anza na kitambaa chenyewe. Nunua mita 2 za pamba nyeupe nyembamba kabisa, ipige pasi, ikunje marinda juu ya fimbo iliyovikwa kitambaa cheusi, na uikaze mwisho wake kwa utepe. Weka taa moja tu, upande wa kushoto, juu kidogo ya kichwa. Taa mbili huua marinda, maana kivuli cha moja huoshwa na nyingine.

Turubai lisiwe jeupe. Wazee walipaka kitani gundi ya ngozi, kisha tabaka la nyeupe ya risasi iliyotiwa rangi kidogo, kijivu au hudhurungi nyepesi. Wewe tumia jeso ya dukani, yaani rangi nyeupe ya msingi, ikikauka ipake kijivu chenye joto: nyeupe, hudhurungi ya udongo wa amba (umber), na nyeusi kidogo sana.

Sasa rangi. Joho jeusi litangulie, likiwa jembamba, bila mng'ao bado. Nyeusi yao ilitengenezwa kwa pembe za ndovu zilizochomwa. Ya leo huchomwa mifupa, ila tabia ni ile ile: inakauka polepole. Iache wiki nzima, na Mombasa au Kisumu iache hata siku 10. Wengi huharibikiwa hapa. Nyeupe inayokauka upesi juu ya nyeusi mbichi itapasuka, na kabla haijapasuka itakuwa imeshachafuka kuwa rangi ya majivu.

Nyeusi ikishika, weka mkono wote kwa kijivu cha kati: nyeupe, nyeusi, na punje ya manjano ya udongo. Manjano ni muhimu, kwa sababu nyeupe na nyeusi peke yake hutoa kijivu cha buluu, na mkono wote utaonekana umetoka kwenye friji. Sehemu ambayo mkono wa mtu unagusa kitambaa, ongeza wekundu wa udongo kidogo. Vivuli viache vyembamba, turubai lionekane kupitia kwao. Chagua mikunjo 5 au 6 mikuu, yote ikitokea kwenye utepe wa kifundo na kusambaa kama njiti za feni. Marinda mengine yadokeze kwa mstari mmoja, basi.

Nyeupe tupu ije mwisho, nzito, kwenye mgongo wa mikunjo miwili au mitatu iliyo karibu na taa. Isizidi sehemu 1 ya 10 ya mkono mzima. Na pale ukingo wa mkono unapopita juu ya joho jeusi, chukua brashi ngumu ya nywele za nguruwe, ipanguse karibu ikauke, kisha buruta nyeupe kidogo juu ya nyeusi iliyokauka. Weusi utachungulia kati ya nyuzi. Hapo ndipo mtazamaji atakapoamini kwamba ni kitani.

Kuhusu aina ya nyeupe: wazee walitumia ya risasi, ambayo ni sumu, na hatukushauri uiguse. Titani ndiyo salama, ila inafunika mno. Ipunguze kwa unga safi wa chaki uliokandwa na mafuta ya kitani, kiasi sawa kwa sawa, kwenye tabaka zote isipokuwa zile nyeupe za mwisho. Zinki iache, maana miaka ikipita inakuwa ngumu na kuvunjika.

Kisha rudi nyuma hatua 4 uitazame picha. Jicho limekwenda usoni au mkononi? Likienda mkononi, punguza mkono ule ulio mbali na taa hadi uwe kijivu kabisa. Wazee walifanya hivyo karibu kila mara, na vile vipande viwili vyeupe chini ya kidevu waliviacha ving'ae, viwe daraja la kulipandisha jicho usoni.

Atlasi inataka mkono mwingine kabisa: mng'ao wake ni mwembamba, mkali, wa kijivu baridi, na unakatika ghafla. Ukiulainisha utapata sufi.

Katika maonyesho niliona maaskofu wawili wa Reynolds. Nyuso zao zilikuwa nyeupe kama za wagonjwa, na nguo nyeusi zimepasuka kama tope lililokauka. Walikuwa wagonjwa kweli? (Msomaji, Leicester)

Walikuwa wazima, iliyougua ni rangi. Reynolds alipenda wekundu wa kochinili, unaotolewa kwa wadudu, na alikuwa akiupaka kama utando mwembamba juu ya uso uliokwisha kuchorwa kwa rangi za baridi. Mwanga huufifisha. Wekundu ukiondoka, kinachobaki ni ule uso wa baridi wa chini. Waliotumia zingefuri, wekundu wa zebaki, nyuso zao mara nyingi zingali na damu.

Nyeusi ina kisa kingine. Alichanganya lami, nta, na utomvu wa aina kadhaa ili apate weusi wenye kina. Lami haikauki kabisa. Tabaka la juu likishakauka na la chini bado linatembea, la juu huchanika vipande vipande. Warekebishaji wa zamani nao walizidisha madhara walipobandika turubai jipya nyuma kwa pasi ya moto, na nta ikayeyuka. Linganisha na Herring wa Hogarth: rangi chache, mafuta ya kawaida, na picha imesimama vizuri zaidi. Inasikitisha kidogo kwamba Herring mwenyewe aliandika kuwa hakuna rafiki yake aliyeweza kuivumilia picha hiyo. Walitaka askofu mtulivu, Hogarth akawapa mtu aliyekatizwa katikati ya maneno. Sisi tungemtetea Hogarth.

Nina chapa ya zamani isiyo na rangi ya askofu aliyeketi, chini imeandikwa "Tho: Cantuar:". Muuzaji alisema ni Herring. Nitahakikishaje? (Mwalimu mstaafu, Kampala)

Mwalimu, shikamoo. Muuzaji amekisia. Maaskofu hutia sahihi kwa jina la ubatizo na jina la Kilatini la dayosisi: Cantuar ni Canterbury, Ebor ni York, Winton ni Winchester, Dunelm ni Durham, Roffen ni Rochester, Sarum ni Salisbury. Taabu ni kwamba Thomas wa Canterbury walikuwa wawili mfululizo karibu: Herring, 1747 hadi 1757, na Thomas Secker, 1758 hadi 1768, ambaye alichorwa na Reynolds. Kati yao aliingia Matthew Hutton kwa muda mfupi tu. John wa karne ya 18 nao ni wawili, Potter na Moore, ingawa hao wameachana kwa miaka mingi.

Soma kona za chini. Kushoto, jina linalofuatiwa na "pinxit" ni la aliyechora picha ya rangi. Kulia, lenye "sculpsit" au "fecit" ni la aliyechonga bamba la shaba. Ukiona Reynolds kushoto, si Herring wa Hogarth. Maneno yanayotaja sheria ya Bunge pamoja na tarehe yanahusu sheria ya 1735 ya kulinda chapa. Tarehe hiyo ni ya chapa, na picha ya rangi inaweza kuwa imetangulia kwa miaka.

Kama kuna ngao, umepata shahidi bora. Nusu iliyo kushoto kwako ni ya dayosisi, ya kulia ni ya ukoo wake. Canterbury ni msalaba wenye palio, yaani utepe wa mabegani wa askofu mkuu, yenye umbo la Y na misalaba 4 midogo. York ni funguo mbili zilizopishana chini ya taji. London ni panga mbili zilizopishana. Winchester ni funguo mbili na upanga, mara nyingi zimezungushiwa mkanda wa nishani ya Garter, kwa kuwa askofu wa huko ndiye kiongozi wa kidini wa nishani hiyo. Durham ni msalaba kati ya simba 4. Na ingawa chapa haina rangi, rangi zimeandikwa kwa mistari: ya wima ni nyekundu, ya mlalo ni buluu, nukta ni dhahabu, patupu ni fedha. Kwa Herring na Secker nusu ya kushoto itakuwa moja, kwa hiyo atakayekuamulia ni nusu ya kulia.

Jambo moja zaidi. Ukilinganisha na picha ya rangi ukakuta askofu anaelekea upande mwingine, usidhani ni bandia. Bamba likichongwa kama picha ilivyo, karatasi hutoka kinyume, kama kwenye kioo. Wachongaji wengine walijipa kazi ya kuigeuza kwanza, wengine hawakujali.

Chapa ya namna hiyo niliyo nayo imeingia madoa ya kahawia. Nimeambiwa niipanguse kwa mkate. (Msomaji, Unguja)

Tafadhali usiipanguse kwa kitu chochote. Kama ni mezotinti, yaani chapa ya bamba la shaba lililokwaruzwa lote, ule weusi laini kama mahameli umekaa juu ya karatasi, na mkate utauchubua na kuacha makombo yatakayoita wadudu. Itoe kwenye fremu. Kama mgongoni pana ubao au kadibodi ya kahawia, asidi yake inaiharibu karatasi. Badilisha kwa kadibodi isiyo na asidi. Karatasi isigusane na kioo: weka paspatuu, yaani ukingo wa kadibodi kati yake na kioo, ya unene wa milimita 3 hivi, la sivyo unyevu wa Unguja utaigandisha pale pale. Itundike kwenye ukuta wa ndani usiopigwa na mvua, na nyuma ya fremu bandika vizibo viwili vya chupa chini ili hewa ipite. Jua lisiifikie hata kwa nusu saa ya asubuhi. Madoa yaliyokwisha kuingia mwachie mtaalamu wa karatasi; hayataongezeka ukishaikausha.